Mwizi Akiingia Ndani Usiku: Haki Yako Inaanzia Wapi, Inaishia Wapi

Mwizi akivunja mlango wangu saa nane usiku, nikamkata panga akafa, nitafungwa? Hilo ndilo swali la mwenye nyumba wa Bulyaga, na la mwenye nyumba yeyote hapa Tukuyu aliyewahi kusikia kitasa chake kikitikiswa gizani. Majibu anayopewa ni mawili. Kijiweni anaambiwa: ua, mwizi hana haki. Kwa watu waoga anaambiwa: usimguse, ukimgusa tu, unakwenda jela wewe. Yote mawili si kweli. La kwanza limewafikisha watu kizimbani kwa kesi ya mauaji, na la pili linamfanya mama wa watu aogope sheria kuliko anavyomwogopa jambazi aliye mlangoni.

Sheria inayohusika kwa Tanzania Bara ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyokifuata. (Zanzibar ina sheria yake ya makosa ya jinai ya mwaka 2018, kwa hiyo mwenye ndugu Unguja asimpelekee ushauri huu kama ulivyo.) Kifungu hicho kinampa kila mtu haki ya kujikinga na shambulio lisilo halali, na kumkinga mtu mwingine yeyote, awe mkewe, mpangaji wake au mpita njia asiyemjua. Kinampa pia haki ya kuilinda mali isiporwe wala kuharibiwa: mali yake, mali aliyokabidhiwa, hata mali ya jirani. Anayesema sheria yetu inamlinda mwizi na kumwacha mwenye nyumba hajakisoma kifungu hicho.

Lakini sheria hiyohiyo inasema utumie nguvu ya kadiri tu, ile inayohitajika kuizuia hatari iliyopo. Hapa ndipo watu wanapotelea. Ukitumia nguvu ya kadiri, hata mvamizi akiumia vibaya, huna kosa. Ukiwa kweli unajilinda lakini ukapita kiasi na mtu akafa, sheria inasema wazi kwamba umeua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Na kama mahakama itaona hukuwa unajilinda hata kidogo, bali ulikuwa unalipiza kisasi au unatoa adhabu, hiyo ni kesi ya kuua kwa kukusudia, na ukitiwa hatiani hukumu yake ni moja: kunyongwa. Panga ni lilelile na nyumba ni ileile, ila mwisho ni wa namna tatu. Inafaa kila mwenye nyumba ajue kinachozitenganisha.

Sheria imekubali kwamba zipo nyakati ambazo mtu anaweza kumuua mvamizi na asiwe na hatia. Imezitaja: shambulio linalomfanya mtu aamini kwa sababu za msingi kwamba atauawa, au mwenzake atauawa, linalomfanya aamini kwamba atapata madhara makubwa mwilini, mvamizi aliyekusudia kubaka au kulawiti, aliyekuja kuteka mtu, na uvunjaji wa nyumba usiku, unyang'anyi, uchomaji wa nyumba, au kitendo kinachohatarisha maisha au mali. Katika hayo yote masharti ni mamoja. Uwe umetenda kwa nia njema, uwe umeamini kwa dhati kwamba hakukuwa na njia nyingine ya kuokoa, na imani yako iwe na sababu ambazo mtu mwingine mwenye akili timamu akizisikia atazielewa. Kuvunjiwa mlango usiku peke yake hakukupi hati ya kuua.

Nataka wanawake wanaoishi peke yao na watoto waisome vizuri sehemu hiyo. Mwanamume akivunja mlango wako na ukaona nia yake ni kukubaka, sheria haikutaki umsubiri akuguse. Haikutaki upigwe kwanza ndipo urudishe. Haikuulizi kwa nini hukukimbia nje kwenye mvua na kumwacha mtoto kitandani. Mundu, mchi, maji ya moto yaliyokuwa jikoni, chochote kilicho karibu na mkono wako, unaweza kukitumia kumwondoa. Nimesikia wazee wakiwaambia mabinti zao kwamba mahakamani mwanamke ataonekana ndiye aliyemwita. Ushauri huo ni mbaya na ni wa hatari. Binti anayeuamini atanyamaza wakati ambao kelele zingemwokoa.

Wala mahakama haitegemei uwe na mizani gizani. Mwaka 1971, katika rufaa ya Palmer iliyotoka Jamaika na kusikilizwa London, majaji walisema kwamba mtu aliyeshambuliwa hawezi kupima kwa usahihi kamili kiasi cha nguvu anachotumia, na kwamba akifanya kile alichoona kwa uaminifu, katika mshtuko ule, kuwa ni lazima, huo ni ushahidi mzito wa kumtetea. Mawazo hayo yameingia katika hukumu za nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, Afrika Mashariki ikiwemo. Kwa hiyo ukimpiga mvamizi mwenye panga pigo moja akaanguka, hakuna hakimu atakayekuuliza kwa nini hukulipunguza pigo lile.

Atakachokuuliza ni habari ya pigo la pili, la tatu na la saba.

Nina neno moja kubwa kwa wasomaji wa Bulyaga, nalo ni hili: haki ya kujilinda inaishi muda uleule ambao hatari inaishi. Mvamizi akiwa anakuja na silaha, haki yako ni kamili. Akiangusha panga na kupiga magoti, haki ile imepungua. Akiwa amelala chini hajiwezi, au mmeshamfunga kamba, au ameruka ukuta anakimbia kuelekea barabara kuu, haki ile haipo tena. Kuanzia hapo kila kofi ni shambulio, na kama atakufa, aliyempiga ndiye mshtakiwa. Ukuta wa nyumba hauna uzito mkubwa katika hesabu hii. Unaweza kuwa na haki ukiwa nje barabarani, na unaweza kuwa huna ukiwa chumbani mwako, mvamizi akiwa sakafuni anaomba maji.

Daktari anayechunguza maiti huandika majeraha yako wapi. Majeraha ya mbele, kwenye mikono na paji la uso, yanaeleza habari ya watu waliokabiliana. Majeraha ya kisogoni na mgongoni yanaeleza habari nyingine. Alama za kamba mikononi, pamoja na fuvu lililopasuliwa kwa jiwe, zinaeleza habari ambayo hakuna wakili atakayeigeuza.

Na ukweli tunaoufahamu wote ni kwamba mwizi anayekufa kwa kipigo katika mitaa yetu mara nyingi haanguki chumbani kwa mwenye nyumba. Anafia nje. Yowe likipigwa, watu hutoka, vijana wa bodaboda hufika, mawe huokotwa, na ndani ya muda mfupi mtu aliyekuwa ameshakamatwa anakuwa maiti. Wengi wanaotupa mawe hawakuibiwa chochote, na wengine hata hawajui kimeibwa nini. Kila mmoja anaondoka akiamini kwamba umati hauna jina. Sheria haiamini hivyo. Kanuni ya Adhabu inasema watu wawili au zaidi wakiungana katika nia ya kutenda jambo lisilo halali, na kosa likatokea kama matokeo ya jambo hilo, kila mmoja wao anahesabiwa amelitenda. Aliyeleta petroli, aliyeshika miguu, aliyeleta tairi, aliyepaza sauti kwamba achomwe, wote wanaweza kusimama kizimba kimoja. Na siku hizi ushahidi wanauleta wenyewe: mtu anarekodi kwa simu na kurusha kwenye makundi, sura za majirani zake zikionekana moja baada ya nyingine.

Anayeumia zaidi ni mwenye nyumba. Yeye alianza akiwa na haki yake yote. Alivunjiwa, aliita msaada, alifanya sawasawa. Kisha akauachia umati mtu aliyekwisha kukamatwa uani kwake, na polisi wakifika, jina la kwanza linalojulikana ni lake. Nakuomba, siku ikikufika, uwe wewe wa kwanza kusema kwa sauti: amekamatwa, inatosha, asiguswe. Waliomo wenye busara watakuunga mkono, maana mara nyingi wanangoja tu mtu mmoja aanze. Na hata wasipokusikia, watakuwepo watakaokumbuka kwamba ulikataza.

Wanaopinga husema polisi wakipelekewa mwizi watamwachia, kesho atarudi. Malalamiko hayo yana uchungu wa kweli na siyapuuzi. Lakini tazama sheria imeweka nini. Anayevunja nyumba ya kuishi mchana kwa nia ya kutenda kosa anaweza kufungwa hadi miaka 14. Akivunja usiku, hadi miaka 20. Unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake haipungui miaka 30. Dola yenyewe, pamoja na mahakama zake na magereza yake, haimnyongi mwizi wa televisheni. Na akiachiwa kituoni, mara nyingi ni kwa sababu mlalamikaji hakurudi kuandika maelezo, au shahidi hakutokea siku ya kesi. Mwizi mwenye mashahidi watatu waliokuja mahakamani kila walipoitwa hatoki kirahisi.

Kwa wizi wa nje, hesabu ni kali zaidi. Mkungu wa ndizi, gunia la parachichi, kuku, nguo zilizoanikwa: unaruhusiwa kumzuia anayeviiba, kumfukuza na kumkamata. Huruhusiwi kumfyeka. Najua parachichi limekuwa fedha Rungwe, na najua uchungu wa mtu aliyemtunza ng'ombe wa maziwa mwaka mzima, akaamka na kukuta ngozi na kwato shambani. Hata hivyo, asiyekutishia maisha, anayekimbia na mkungu begani, ukimkata kisogoni mahakama itauliza maisha ya nani yalikuwa hatarini. Utajibu nini?

Hatari nyingine ni ya kumkosea mtu. Tukuyu ni mji wa ukungu na mvua, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na umeme ukikatika saa tano usiku huoni mkono wako. Anayesukuma mlango wako anaweza kuwa mlevi aliyedhani amefika kwake, kijana wako aliyechelewa kurudi, mgonjwa wa akili, au bibi wa jirani aliyeanza kusahau nyumba yake. Sheria inamsamehe aliyekosea kwa uaminifu na kwa sababu za msingi, lakini sababu hizo atatakiwa azionyeshe. Oscar Pistorius, mkimbiaji wa Afrika Kusini, alifyatua risasi kupitia mlango wa choo nyumbani kwake usiku wa Februari 14, 2013, akasema alidhani kuna mvamizi. Aliyekuwa ndani ni mpenzi wake. Mahakama ya Rufaa ya nchi hiyo ilimtia hatiani kwa mauaji mwaka 2015, maana aliyefyatua risasi nne kwenye chumba kidogo kilichofungwa alijua kwamba yeyote aliyemo anaweza kufa. Kenya nako, mwaka 2005, Tom Cholmondeley wa ukoo wa Lord Delamere alimpiga risasi na kumuua ofisa wa wanyamapori aliyevaa kiraia kwenye ranchi ya Soysambu, akisema alidhani ni jambazi. Mashtaka yaliondolewa. Mwaka uliofuata mtu mwingine aliuawa kwa risasi kwenye ranchi ileile, na mara hii, mwaka 2009, Mahakama Kuu ilimkuta na hatia ya kuua bila kukusudia.

Uliza kwanza. Sema kwa nguvu: "Nani hapo? Jitambulishe!" Neno hilo lina faida mbili. Asiye na ubaya atajibu; mwenye ubaya atajua mmeamka, na wezi wengi hukimbia hapohapo. Na ikiwa itafika mahakamani, majirani watasema walikusikia ukiuliza.

Ipo pia ile hali ambayo watu huisema kwa sauti ya chini: mtu anakutwa uchi uani usiku, anaitwa mchawi. Kesi ya namna hii ilifika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1941 kutoka Uganda, ikijulikana kwa jina la Fabiano Kinene. Marehemu alikutwa akitambaa uchi usiku kwenye ua wa mmoja wa washtakiwa, akauawa kwa imani kwamba alikuja kuroga. Majaji walipunguza kosa kuwa la kuua bila kukusudia kwa sababu ya ghadhabu ya ghafla. Hawakusema ilikuwa kujilinda, wala hawakuwaachia huru wauaji. Kwa mtu wa leo funzo ni jepesi: hofu ya uchawi haikupi haki ya kumpiga mtu asiye na silaha. Mzuie, muulize, mwite mwenyekiti.

Mitego nayo iachwe kabisa. Waya wa umeme uliounganishwa kwenye kitasa, misumari chini ya dirisha, mkuki uliotegwa kwenye migomba: mtego hauulizi nani hapo. Utamnasa mtoto aliyefuata mpira kama utakavyomnasa mwizi, na aliyeutega hawezi kusema alikuwa anajilinda ilhali alikuwa amelala.

Basi kinachofaa ni nini? Kazi kubwa ni ya kabla. Komeo la ndani lililofungwa kwenye fremu nzuri, nondo kwenye madirisha, taa ya sola upande wa migomba, mbwa anayelala nje. Migomba iliyosogea hadi ukutani ikatwe, kwa sababu ndimo mtu anamojificha akisikiliza kama mmelala. Na kuna jambo la hapa kwetu ambalo watu wa Dar es Salaam hawalijui: kuanzia Novemba hadi Mei mvua ikipiga juu ya bati, yowe halifiki nyumba ya tatu. Wezi wanalijua hilo, na usiku wa mvua ndio usiku wao. Kwa hiyo kila nyumba iwe na filimbi au debe la kugonga, na majirani watano au sita wawe wameandikiana namba za simu na kukubaliana kwamba simu inayolia usiku wa manane inapokelewa. Namba ya polisi ya dharura ni 112. Iwe kichwani mwa kila mtu wa nyumba, watoto wakiwemo.

Mvamizi akishaingia, wakusanye watoto chumba kimoja, ufunge, upige kelele na simu. Usimfuate sebuleni ikiwa anachotaka ni redio. Mwachie njia ya kutokea, kwa sababu mwizi aliyezibiwa mlango ndiye anayeua. Akija upande wenu, jilinde kwa nguvu zako zote bila kuona haya.

Akikamatwa, sheria inakuruhusu kumshika wewe mwenyewe bila kuwa polisi. Unaweza kumfunga kiasi cha kutosha kumzuia asitoroke. Baada ya hapo unatakiwa kumkabidhi polisi bila kuchelewa, na kama polisi hayupo karibu, kumfikisha kituo kilicho jirani. Kumhoji kwa fimbo ataje wenzake, kumvua nguo, kumtembeza mtaani, hayo si kazi yako. Akivuja damu, mfunge kitambaa. Kumpa huduma ya kwanza ni ubinadamu, na pia ni ushahidi kwamba hukukusudia afe. Walinzi wa sungusungu na ulinzi shirikishi wasijidanganye kwamba wao wako nje ya haya. Sheria iliyowatambua sungusungu mwaka 1989 iliwapa nguvu ya kukamata. Haikuwapa nguvu ya kuhukumu.

Kama mtu amefia kwako au ameumia sana, piga simu polisi wewe mwenyewe, na umwite mwenyekiti wa kitongoji au mtaa. Aliyekimbia huonekana ana hatia. Usioshe damu, usisogeze panga la mvamizi, usitengeneze mlango uliovunjwa mpaka wapelelezi wauone, kwa sababu ule mlango ndio shahidi wako mkuu. Kama nawe umejeruhiwa, chukua fomu ya PF3 kituoni uende hospitali ya wilaya pale Makandana, ili majeraha yako yaandikwe yangali mabichi. Polisi watataka maelezo yako. Una haki ya kunyamaza hadi umpate wakili, na una haki ya kuomba ndugu, rafiki au wakili awepo. Kama utaeleza, eleza ulivyoona na ulivyoogopa, kwa mfuatano, bila kuongeza chumvi wala kujisifu. Mtu anayesema "nilimfundisha adabu" amejifunga kwa mdomo wake.

Jua pia kwamba kosa la mauaji halina dhamana. Ukishtakiwa nalo utakaa mahabusu wakati shauri likisubiri kwenda Mahakama Kuu, na kusubiri huko kunaweza kuchukua miezi, hata miaka, hata kama mwishoni utaonekana huna hatia. Usiye na uwezo wa wakili utapewa kwa gharama ya serikali, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaoweza kuielekeza familia yako mapema. Ukidai ulikuwa unajilinda, na upo ushahidi wa kuliunga mkono neno hilo, kazi ya kulibomoa ni ya upande wa mashtaka. Wewe hulazimiki kuthibitisha kwamba huna hatia.

Ombi langu kwa wenyeviti wa Bulyaga na kata jirani ni kwamba mkutano ujao wa kitongoji uwe na ajenda hii moja, kabla mvua kubwa hazijaanza: nani ana filimbi, nani anapokea simu usiku, na nani kati ya wazee atakayesimama mbele ya vijana na kusema mwizi aliyefungwa kamba anapelekwa kituoni akiwa hai.